Maswali ya Wasomaji: Chuo Kikuu cha Marekani Kinaniita Nikakimbie, Nikipimeje?

SWALI: Mwalimu, hujambo? Mimi ni msichana wa miaka 18 kutoka Elgeyo Marakwet. Nilifanya mtihani wa KCSE mwaka jana nikapata gredi ya B, na hukimbia mita 5,000 pamoja na mbio za nyika. Makocha wawili wa vyuo vikuu vya Marekani wamenipigia simu. Wa kwanza ni wa chuo kikubwa cha Divisheni ya Kwanza ambacho kila mtu hapa kambini anakifahamu, kwa kuwa Wakenya wamekishindia mataji. Anasema nitapata ufadhili kamili na anataka nimjibu kabla ya mwisho wa mwezi huu. Wa pili ni wa chuo ambacho sikuwahi kukisikia, katika mji ulio juu sana kutoka usawa wa bahari. Yeye anatoa sehemu tu ya ufadhili, lakini huniuliza sana kuhusu masomo. Nataka kusomea uuguzi. Wenzangu wananishangaa kwamba bado nafikiria. Nitajuaje chuo kinachonifaa?

JIBU: Sijambo, binti yangu, na hongera kwa gredi hiyo, maana ndiyo iliyokufungulia mlango ambao mwenzako anayekuacha nyuma kwenye mazoezi ya Alhamisi ya kubadilisha kasi huenda asifunguliwe. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu barua kama yako zimekuwa nyingi na karibu zote zina kosa moja: zinakipima chuo kwa bingwa wake. Edward Cheserek alishinda mataji 17 ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani na kuvigawa katika divisheni tatu, akiwa Chuo Kikuu cha Oregon, na Doris Lemngole alitwaa taji la mbio za nyika la mwaka wa 2024 akiwa Alabama. Hayo ni kweli na tunayaonea fahari, lakini yanakueleza tu kwamba mwanariadha mwenye kipawa cha pekee alistawi pale. Hayakuelezi lolote kuhusu msichana aliyewasili kikosini akiwa na muda wa kawaida, akaumia mguu mwezi wa kumi, na ambaye hakuna gazeti lililoandika jina lake. Huyo ndiye unayepaswa kumtafuta.

Katika mbio za nyika za vyuo, kila kikosi huingiza wakimbiaji saba, na nafasi za watano wa kwanza ndizo zinazojumlishwa; wa sita na wa saba kazi yao ni kuwasukuma nyuma wakimbiaji wa vikosi vingine. Mimi hukipima chuo kwa mkimbiaji wake wa saba, kwa sababu wewe mwenyewe, hata uwe na mbio kiasi gani, mwaka wa kwanza utakuwa karibu na mahali pake: mgeni, mwenye baridi, unayejifunza kula chakula kingine na kusoma kwa lafudhi nyingine, huku mwili ukidaiwa matokeo kila baada ya wiki mbili. Chuo kinachomtunza wa saba kitakutunza na wewe, lakini kinachomtupa wa saba hakikuahidi chochote, maneno ya simuni yawe matamu namna gani.

Kumpata si kazi ngumu. Matokeo ya karibu mashindano yote ya vyuo huwekwa kwenye tovuti ya TFRRS. Fungua ukurasa wa kikosi cha wanawake, chagua msimu wa miaka minne iliyopita, kisha uandike majina ya wasichana wote waliokuwa mwaka wa kwanza. Mbele ya majina chora safu nne: muda wa kwanza wa mita 5,000, muda bora, tarehe ya mashindano ya mwisho, na mwaka wa masomo aliokuwa nao alipoacha kuonekana. Mwaka jana nilifanya zoezi hili na msichana mmoja katika duka la intaneti mjini Iten, tukiwa na daftari la hesabu na kalamu moja. Chuo alichokipenda kilikuwa kimewapokea wasichana tisa mwaka ule. Watatu waliboresha muda wao, mmoja kwa zaidi ya sekunde 40. Wawili walihamia vyuo vingine na wakaendelea kukimbia. Wanne walikimbia msimu mmoja au miwili, kisha kurasa zao zikawa tupu, bila uhamisho na bila mbio nyingine mahali popote. Yule msichana aliweka kidole juu ya jina mojawapo, lililokuwa jina la kwetu, akauliza, “Huyu alienda wapi?” Nikamwambia kwamba hilo ndilo swali la kwanza atakalomuuliza kocha, na kwamba amsikilize si kwa jibu tu, bali pia kwa muda ambao kocha atachukua kulikumbuka jina hilo.

Usimhukumu kocha kwa uhamisho pekee. Tangu mwaka wa 2024 mwanariadha wa Divisheni ya Kwanza aliye vizuri kimasomo anaweza kuhama zaidi ya mara moja bila kukaa nje msimu mzima, kwa hiyo wengi huhama, na wengine huhama kwa sababu wamepata palipo bora. Kinachohitaji maelezo ni zile kurasa tupu. Waliohama nao wana faida yake: wengi wanapatikana kwenye mitandao ya kijamii, na Mkenya aliyeondoka mahali atakueleza kwa Kiswahili au kwa lugha yenu ya nyumbani mambo ambayo aliyebaki anaogopa kuyasema. Zungumza na wawili waliobaki na wawili walioondoka, usizungumze tu na yule ambaye kocha amekuchagulia.

Sasa nije kwenye haraka ya yule kocha wa kwanza. Zamani kulikuwa na barua rasmi ya kitaifa ya kujifunga na chuo, ambayo mwanariadha aliitia sahihi kwa tarehe maalumu. Mpango huo ulifutwa mwezi Oktoba 2024, na kilichobaki chenye uzito ni mkataba wa maandishi wa ufadhili. Neno la simu halimfungi kocha, nawe halikufungi. Mwambie kwa heshima kwamba utafurahi kuusoma mkataba huo pamoja na wazazi wako, na utamjibu ukishausoma. Kocha anayekutaka kweli atautuma.

Haraka yake ina sababu, na ni vizuri uijue. Vyuo vilivyoingia katika mpango wa kugawana mapato na wanariadha, ambao mahakama iliuidhinisha mwezi Juni 2025, viliondolewa kikomo cha idadi ya ufadhili lakini vikawekewa kikomo cha watu: mbio za nyika wanawake 17, riadha ya uwanjani wanawake 45, na 45 hao wanajumuisha warushaji, warukaji na wa mbio fupi. Awali riadha na mbio za nyika za wanawake kwa pamoja ziliruhusiwa ufadhili kamili 18, ambao kocha aliweza kuugawa vipande vipande. Leo kocha anaweza kumfadhili kila mtu kikamilifu, au asimfadhili yeyote, kwa kutegemea chuo kimeamua fedha ziende wapi, na mahali pengi zinaelekea kwenye kandanda ya Kimarekani na mpira wa kikapu. Kwa hiyo muulize wazi: kikosi chako kina watu wangapi sasa, wangapi wanabaki mwakani, na unaniona mimi nikiwa wa ngapi? Nisipokuwa miongoni mwa hao 17 mwaka wa pili, ufadhili wangu unakuwaje? Ayajibu kwa barua pepe, ili ubaki na maandishi.

Nimefika kwenye uuguzi, na hapa nakuomba usome polepole, kwa maana hapa ndipo nimeona wasichana wengi wakipoteza walichokwenda kukitafuta. Katika vyuo vingi vya Marekani, kukubaliwa chuoni si kukubaliwa katika shule ya uuguzi. Mwanafunzi husoma kwanza biolojia, kemia na masomo mengine ya msingi, kwa kawaida miaka miwili, ndipo aombe upya, na nafasi huwa chache. Baada ya hapo huja zamu za hospitalini, ambazo mara nyingi huanza alfajiri, saa ileile ambayo kikosi kinafanya mazoezi. Kanuni za NCAA zinaweka kikomo cha saa 20 za mazoezi kwa wiki na saa nne kwa siku wakati wa msimu, pamoja na siku moja ya mapumziko, lakini siku ya mashindano huhesabiwa kuwa saa tatu tu hata kama mmeshinda uwanjani tangu asubuhi, na saa za kukaa ndani ya basi hazihesabiwi. Mtu wa mbio ndefu, tena, hana msimu mmoja: ana mbio za nyika kuanzia Septemba hadi Novemba, viwanja vya ndani hadi Machi, na viwanja vya nje hadi Juni.

Kuna kanuni nyingine isiyotajwa wakati wa kukutafuta. Ili aendelee kuruhusiwa kushindana, mwanariadha wa Divisheni ya Kwanza amekuwa akitakiwa kukamilisha asilimia 40 ya masomo ya shahada yake kabla ya mwaka wa tatu, asilimia 60 kabla ya wa nne, na 80 kabla ya wa tano. Nia yake ilikuwa njema, yaani watu wahitimu. Lakini tazama kinachotokea: msichana akikosa nafasi ya uuguzi mwisho wa mwaka wa pili, mshauri wa masomo wa kikosi humtafutia shahada yoyote ambayo masomo aliyokwisha kuyafanya yanaweza kuingizwa yafikie asilimia hizo. Anahitimu, ndiyo, lakini katika fani ambayo hakuiota wala hakuitaka, kisha anarudi Eldoret na cheti ambacho waajiri wanakitazama mara mbili.

Kwa hiyo muulize kila kocha: katika miaka mitano iliyopita, ni wanariadha wangapi wa mbio ndefu waliohitimu uuguzi hapo? Akisema “wapo”, omba kuzungumza na mmoja. Kisha mwandikie barua pepe mtu wa shule ya uuguzi yenyewe, si mtu wa idara ya michezo, umuulize kama wanafunzi wanariadha hukubaliwa na jinsi zamu zao zinavyopangwa. Inawezekana: Sally Kipyego alishinda mataji tisa ya NCAA akiwa Texas Tech, akahitimu uuguzi hapo hapo, na mwaka wa 2012 akapata medali ya fedha ya mita 10,000 katika Olimpiki ya London. Lakini njia ya namna hiyo huhitaji mtu wa kuipanga tangu muhula wa kwanza, na kocha anayekuuliza sana kuhusu masomo, kama unavyomweleza huyo wa pili, huenda ndiye mtu huyo.

Kuna takwimu za umma zinazoweza kukusaidia hapa. NCAA hutoa kila mwaka alama ya maendeleo ya masomo kwa kila kikosi, iitwayo APR, ambayo kiwango chake cha juu ni 1,000, na kikosi kilichoshuka chini ya 930 kwa wastani wa miaka minne kilikuwa hatarini kufungiwa mashindano ya mwisho wa msimu. Tafuta alama ya kikosi chenyewe, usitazame ya chuo kizima, kwa kuwa chuo kinaweza kusifika huku kikosi chake cha mbio za nyika kikivuja. Ipo pia tovuti ya Wizara ya Elimu ya Marekani ambako kila chuo hulazimika kisheria kueleza idadi ya wanariadha wake, makocha wake na matumizi yake, wanaume kwa wanawake. Utaona kama fedha zinawafikia wasichana.

Sasa kuhusu mwili wako. Mimi nilikimbia huko miaka minne, katika chuo ambacho sitakitaja. Katika mashindano ya ukanda, wa kwanza hupata pointi 10, wa pili 8, wa tatu 6, hivyo hivyo hadi wa nane ambaye hupata moja, na kocha anayetaka pointi humtazama Mkenya kama ng’ombe anayeweza kukamuliwa mara tatu. Mwaka wangu wa pili nilikimbia mita 10,000 siku ya kwanza, mchujo wa kuruka viunzi na maji siku iliyofuata, kisha fainali yake na mita 5,000 siku ya mwisho. Wiki tatu baadaye nilishindwa kupanda ngazi za bweni. Picha ilionyesha ufa katika mfupa wa paja. Daktari, mama mmoja mpole, aliniuliza ni lini mara ya mwisho nilipata hedhi, nikahesabu kwa vidole nikafika miezi saba. Nilikuwa nadhani hiyo ni dalili ya mazoezi kukolea. Hakuna mtu kikosini aliyewahi kuniuliza.

Uliza basi, wala usione haya: kikosi kina mtaalamu wa lishe wa kwake, au ni mmoja anayegawanywa kwa wanariadha mia tano? Damu hupimwa madini ya chuma mara ngapi kwa mwaka? Wasichana hupimwa uzito mbele ya kocha? Nani ana neno la mwisho kuhusu kurudi uwanjani baada ya jeraha, daktari au kocha? Mkimbiaji wa mwaka wa kwanza hushindana mara ngapi kabla ya Krismasi, na je, kocha yuko tayari kumweka mgeni nje ya mashindano mwaka mzima ili azoee bila kupoteza msimu? Mengi ya hayo unaweza kuyathibitisha mwenyewe kwenye TFRRS, kwa kuhesabu mbio za kila msichana. Ukiona anayekimbia mara tatu katika siku tatu kila mwezi Mei, na mwaka unaofuata hayupo, umeshajibiwa.

Kuhusu mwinuko wa mji sitasema mengi. Ni faida, na Northern Arizona iliyoko Flagstaff, karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, imeshinda mataji kadhaa ya mbio za nyika ya wanaume tangu 2016. Lakini wewe umekulia juu zaidi ya hapo, na mwinuko hauponyi kikosi kilichoharibika. Jina la chuo nalo lisikutie hofu. Peter Rono alikuwa mwanafunzi wa Mount St. Mary’s, chuo kidogo cha Kikatoliki huko Maryland, alipotwaa dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka wa 1988.

Kwa uliyonieleza, mimi ningelianza daftari langu na chuo cha pili, na ningemwambia kocha wake wazi ni kiasi gani kinachopungua, kwa sababu ofisi nyingine za chuo huwa na ufadhili wa gredi ambao unaweza kuongezwa juu ya ule wa michezo. Cha kwanza usikikatae. Kipe nafasi ya kujibu maswali haya yote kwa maandishi, tena kocha wake naye ajue kwamba yupo mwingine.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mzazi kutoka Nandi. Kijana wangu hukimbia mita 800. Mtu mmoja anayejiita wakala amemwahidi skolashipu ya asilimia mia moja, lakini anataka shilingi 150,000 kwanza, kisha asilimia kumi ya thamani ya ufadhili kila mwaka. Anasema pia kijana atalipwa mshahara na chuo. Nimeanza kumtafuta mnunuzi wa ng’ombe wawili. Je, nilipe?

JIBU: Mzee wangu, ng’ombe wabaki zizini. Kulipia huduma ya kumtangaza mwanariadha kwa makocha kunaruhusiwa, ilimradi malipo hayo yasitegemee thamani ya ufadhili utakaopatikana. Mtu akidai asilimia ya ufadhili, kanuni za NCAA humhesabu kuwa wakala wa mwanariadha, na anayeweza kupoteza haki ya kushindana ni kijana wako, si yeye. Ajabu ni kwamba kocha anayemtaka kijana hahitaji mtu wa kati, kwa kuwa nyakati za kijana zimo kwenye matokeo na kocha anazisoma mwenyewe. Gharama za kweli zipo: kujisajili katika kituo cha NCAA kinachothibitisha masomo na uhalali wa mwanariadha, mtihani wa Kiingereza, pasipoti, viza, ada ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kuwasajili wanafunzi wa kigeni) ambayo ni dola 350, na tiketi ya ndege. Kila moja hulipwa moja kwa moja kwa ofisi inayohusika, nawe hupata risiti yako.

Kisha muulizeni kocha, si wakala: asilimia mia moja ya nini? Wengine humaanisha karo pekee. Chukua mfano wa chuo ambacho gharama zake zote, yaani karo, chumba, chakula, vitabu na bima, ni dola 48,000 kwa mwaka, na ufadhili ni asilimia 70 ya gharama hizo. Pengo ni dola 14,400, zaidi ya shilingi milioni 1.8, kila mwaka kwa miaka minne. Chuo hakitatoa fomu ya I-20, ambayo ndiyo msingi wa viza, kabla ya kuona ushahidi wa benki kwamba pengo hilo linaweza kulipwa. Kijana naye hawezi kuliziba kwa kibarua, kwa sababu mwenye viza ya F-1, yaani viza ya mwanafunzi, huruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo, na ratiba ya mazoezi haitamwachia nyingi kati ya hizo. Hizo habari za mshahara zina msingi kwa baadhi ya wanariadha Wamarekani, lakini masharti ya viza hiyo huwabana wageni. Msiziweke kwenye hesabu.

Kuna jambo moja ambalo karibu hakuna mzazi anayeelezwa, nami hulitaja kila nipatapo nafasi. Sehemu ya ufadhili inayolipia karo na vitabu vya lazima haitozwi kodi Marekani, lakini sehemu inayolipia chumba na chakula hutozwa, na kwa mwanafunzi wa F-1 kiwango cha makato ni asilimia 14. Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani wa kumpunguzia. Kwa hiyo chumba na chakula vikigharimu dola 14,000, kijana mwenye kile mnachokiita ufadhili kamili anaweza kukuta deni la dola 1,960 kwenye akaunti yake ya chuo, na katika vyuo vingi mwenye deni hasajiliwi muhula unaofuata. Nimemwona kijana mmoja mkimbiaji akiwa na simu mkononi mwezi Januari, anawapigia watu wa nyumbani kuchangisha fedha hizo, wakati kila mtu kijijini anaamini kwamba anasoma bure. Mwombeni kocha aandike ni nani atakayelipa kodi hiyo.

La mwisho ni jeraha. Tangu Agosti 2024 vyuo vya Divisheni ya Kwanza vinatakiwa kugharimia matibabu ya majeraha ya michezo hadi angalau miaka miwili baada ya mwanariadha kuondoka chuoni, na havipaswi kumwondolea ufadhili kwa sababu ameumia au amekimbia vibaya. Divisheni nyingine huwa na utaratibu tofauti, hivyo ombeni nakala ya bima na muisome ukurasa kwa ukurasa, na mkataba wa ufadhili mwangalie kama ni wa mwaka mmoja mmoja au wa miaka yote minne.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana kutoka Mbulu, mkoani Manyara. Nilimaliza kidato cha sita miaka miwili iliyopita na tangu hapo nimekuwa nikikimbia mbio za barabarani, mara nyingine nikipata zawadi ya fedha kidogo. Je, nimechelewa? Na je, kuna vyuo vinavyowapokea Watanzania au ni Wakenya tu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Suleiman Nyambui, aliyepata medali ya fedha ya mita 5,000 Moscow mwaka wa 1980, alisoma Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, kwa hiyo njia hiyo Watanzania wameipita zamani.

Kuhusu kuchelewa, NCAA huhesabu tangu tarehe uliyotarajiwa kumaliza shule, na mashindano rasmi uliyoshiriki baadaye yanaweza kukupunguzia misimu ya kukimbia. Usifiche mbio hata moja, maana matokeo ya barabarani yamo mtandaoni na kuficha ni kosa kubwa kuliko kukimbia. Andika kwenye karatasi kila mbio: tarehe, mahali, muda, fedha uliyopewa, na ulichotumia kwa nauli, chakula na malazi, kwa sababu kwa miaka mingi swali kubwa kuhusu zawadi limekuwa kama zilizidi gharama zako. Itume karatasi hiyo kwa kocha kabla hajakuahidi chochote, umwombe aipeleke kwa afisa wa kanuni wa chuo chake, na akupe jibu la afisa huyo kwa maandishi: nina misimu mingapi?

Usiishie Divisheni ya Kwanza. Divisheni ya Pili na vyuo vya NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo, hutoa ufadhili wa michezo pia. Divisheni ya Tatu haitoi, wala vyuo vinane vya Ivy League, ingawa baadhi yake husaidia vizuri sana kwa kutazama uwezo wa familia. Vipo pia vyuo vya miaka miwili: Sally Kipyego niliyemtaja juu alianzia South Plains College, huko Levelland, Texas, kabla ya kuhamia Texas Tech. Popote utakapoitwa, nenda kwanza kwenye duka la intaneti na daftari lako, uchore zile safu nne nilizomweleza dada yako wa Elgeyo Marakwet. Kwa vyuo vya miaka miwili ongeza safu ya tano: mwanariadha alihamia chuo gani baada ya hapo, na je, masomo yake yote yalikubaliwa huko alikohamia.